Nani Aliyenichora?

Baba alikubali.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mkono mmoja umeshika mwiko, mwingine umeziba mdomo, na nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe. Baba yangu, Govert, aliyekuwa akiapa mbele ya yeyote anayetaka kusikia kwamba binti yake hataolewa na mtu anayekula kwa kuchora mawingu, alikohoa, akasogeza kiti, akasema, "Haya, kijana. Kama yeye mwenyewe anakutaka, mimi sina neno."

Mama akapiga kigelegele kidogo, akakikatiza kwa sababu ilikuwa Jumapili. Chapati ya maji iliyokuwa kikaangoni ikaanza kuungua. Nikaiacha iungue.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana mkisikia nilivyoimaliza siku ile mtadhani nilikuwa msichana kigeugeu. Sikuwa hivyo. Nilimpenda Rombout tangu kiangazi cha kwanza alipotokea juu ya vilima vya mchanga vya Overveen, ubao wa kuchorea kwapani, akamwomba baba ruhusa ya kusimama ukingoni mwa shamba letu. Sisi kazi yetu ilikuwa kufua kitani cha matajiri wa mji wa Haarlem, kukiloweka, na kukitandaza kwenye majani hadi jua na maji yakifanye cheupe. Majora yalilala mistari kwa mistari kutoka mlangoni kwetu mpaka mtaroni. Ng'ambo ya mtaro ulikuwa mji na mnara wa kanisa kuu, na juu ya vyote hivyo ilikuwa mbingu. Rombout alikuja kwa ajili ya hiyo mbingu.

"Shamba lenu zuri sana," aliniambia siku ya kwanza.

"Zuri nini? Si nguo za watu tu zimeanikwa!"

"Ndiyo," akasema, akaendelea kutazama juu ya kichwa changu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zake rangi ya mchanga uliolowa, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Nadhani huko kusogea ndiko kulikoniponza. Nilizoea kusimama karibu naye nikiwa nimembebea mkate na jibini, mikono yangu ikinuka mtindi mchachu tunaolowekea kitani, naye ananieleza habari za mawingu: haya yanabeba mvua, haya yamebeba mwanga tu, yale kule yatafika hapa tukiwa bado tunaongea. Hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda. Hata kwamba nimependeza hakuwahi kuniambia. Nilirudi nyumbani kila jioni nikijiuliza kama mtu huyu ananiona au ananipita kwa macho kama anavyopita nguzo ya ua.

Mpaka nilipoziona picha zake.

Ilikuwa wakati wa maonyesho ya Haarlem, mwezi wa sita, nimekwenda na mama kununua pini. Kwenye kibanda cha muuza picha nikaliona shamba letu. Mbingu ilikuwa imejaa karibu turubai zima, mawingu yamepandana. Chini kabisa, kati ya majora ya kitani, alisimama mwanamke mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Alivaa sketi nyekundu. Mkono wa kushoto ameuweka kiunoni kwa nyuma, pale mgongo unapouma, na wa kulia amejikinga nao jua.

"Mama," nikasema, "huyu ni mimi."

Mama akainama, akakaza macho. "Kweli ni wewe! Hata hilo bega moja juu, moja chini!"

Toka siku hiyo sikupita mbele ya picha ya Rombout bila kujitafuta, na kila mara nilijikuta. Kwenye daraja nimebeba kikapu. Kwenye njia ya mchanga napigana na upepo, aproni imenifunika uso. Chini ya kinu cha upepo nimekaa, nimevua kiatu, natoa mchanga. Nililia mbele ya ile ya kiatu. Kumbe mtu huyu asiyejua kusema alikuwa ameuambia mji mzima! Ni msichana gani asingeyeyuka?

Ndipo nikamfuata kilimani nikamwambia, "Nimeziona picha zako, Rombout."

Akawa mwekundu hadi masikioni. "Umeziona?"

"Nimeziona. Sasa njoo uzungumze na baba."

Basi Jumapili ile baada ya ibada akaja, na hakuja peke yake. Alikuja na rafiki yake Wessel, ambaye walitumia pamoja chumba cha kufanyia kazi mjini. Walikuwa wamebeba picha kubwa, kila mmoja ameshika upande wake, kwa sababu upepo wa kule kwetu ungeweza kumpeperusha nayo mtu mmoja. Wessel nilimjua, maana mara kwa mara alimsindikiza Rombout kilimani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye pua iliyowahi kuvunjika, na mdomo wake haukupumzika: kama hasemi basi anakula cheri, na mbegu anazitema mbali kama mtoto mtundu. Aliniita dada. Alipopita mlangoni siku ile aliniambia, "Dada Aleid, harusi ikiwa na nyama ya ng'ombe nipo. Ikiwa ya samaki tu, mniombee radhi, nitakuwa mgonjwa."

"Wewe Wessel, nani amekualika?"

"Nimekuja kama farasi wa mizigo. Farasi haalikwi, analishwa tu."

Nilicheka, nikakimbilia jikoni. Na jikoni ndiko niliposikia lile neno la baba.

"Aleid!" mama akaita. "Njoo, njoo ujione!"

Nikavua aproni nikatoka. Picha ilikuwa imeegemezwa kwenye kabati la vyombo, kitambaa kimeondolewa. Nilikuwa pale tena, na safari hii nilikuwa mkubwa kidogo, kama kidole cha shahada, nimesimama mwishoni mwa jora la mwisho baada ya kazi. Mama alikuwa amepiga magoti kabisa mbele yake, anafuta machozi.

"Tazama mgongo, Govert. Tazama huo mkono. Mwanao alipokuwa mdogo alibeba ndoo za maji zilizomzidi, tangu hapo mgongo unamsumbua, naye hasemi. Hata sisi humu ndani tunasahau." Akamgeukia Rombout. "Mwanangu, wewe umejuaje?"

Rombout alitazama viatu vyake.

"Sema, usione haya," baba akasema kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao. "Nitakwambia ukweli, kijana. Mimi nilikukataa kwa sababu niliona hakuna siku utakayomtazama binti yangu kama unavyotazama hewa. Kilichonigeuza moyo ni hizi picha. Mtu anayeuona mgongo wa mwanangu ukiuma, huyo naweza kumpa. Haya, umejuaje?"

Nilimtazama Rombout. Alinyanyua uso. Alikuwa amebadilika rangi.

"Mimi sijui kuchora watu, Mzee Govert."

"Unasema?"

"Sijui kuchora watu. Tuko wengi tunaochora mandhari tu. Mimi nachora ardhi, maji na mbingu. Watu…" Akamwangalia rafiki yake. "Watu anaweka Wessel."

Sote tukageuka kumtazama Wessel, aliyekuwa kando ya dirisha na mbegu ya cheri mdomoni. Shavu lake lilikuwa limetuna upande mmoja. Hakuweza kuitema ndani ya nyumba ya watu, wala hakuweza kuimeza.

"Ngoja," baba akasema. "Ngojeni kwanza. Nimemkubali nani?"

"Mimi, mzee," Rombout akajibu.

"Na aliyemchora binti yangu ni huyu?"

"Ni huyu."

"Kwa sababu wewe ulimwambia amchore."

Hilo nililishika kwa mikono miwili. Ndiyo! Alimwambia! Alikuwa na maneno moyoni, mkono ndio aliouazima. Nilimkodolea macho Rombout, namwomba kimoyomoyo aseme ndiyo.

"Nilimwambia aweke watu," akasema.

"Watu gani?"

"Watu tu. Anaowaona wanafaa."

Ningemshukuru Mungu kama angedanganya.

Baba akahamia kwa Wessel. "Haya, wewe. Uliambiwa watu tu. Dunia imejaa watu. Kuna wavuvi, kuna wazee na mbwa wao. Kwa nini ikawa mwanangu?"

Wessel alikuwa ameitoa ile mbegu, ameifumbata kiganjani. "Mzee, ni mambo ya rangi tu. Penye majani mengi unahitaji kitu chekundu. Sketi nyekundu inakaa vizuri."

"Sketi yangu ni ya bluu," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua mdomo, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. "Sijawahi kuwa na sketi nyekundu, Wessel. Kama ulihitaji sketi tu, mgongo wangu ulikuwa wa nini? Na kiatu changu?"

Alinitazama, akaacha kunitazama. Akachukua kofia yake mezani, akaigeuzageuza kama mtu anayetafuta mahali imetoboka. Alipofika mlangoni, mkono kwenye komeo, akasema bila kugeuka:

"Ya bluu ingepotea. Mbingu yake huyu bwana ni kubwa mno. Niliogopa upotee."

Akatoka. Nasi tukabaki tunausikiliza mlango.

Mimi nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikatembea hadi katikati ya shamba, kati ya majora ya watu, bila kujua naenda wapi. Kichwa kilikuwa kama pipa lililopinduliwa. Nilijaribu kuyapanga mambo nikashindwa. Mwanaume niliyempenda alikuwa yule aliyenichora. Aliyenichora hakuwa yule niliyempenda. Basi nilimpenda nani? Nikakumbuka siku ya kiatu. Rombout hakuwepo siku ile! Alikuwa na homa, na Wessel alitembea kutoka Haarlem kuja kuniambia nisimsubiri. Tulikaa chini ya kinu, akanisimulia kisa cha mchungaji na bata mzinga, nikacheka hadi mbavu zikauma, nikavua kiatu kutoa mchanga. Nilipoiona picha nilidhani Rombout alikuwa mahali fulani mbali, ananitazama kwa siri. Nilimtafutia hata kilima cha kujifichia! Aliyekuwa pembeni yangu, bega kwa bega, nikamfuta.

"Aleid."

Rombout alikuwa amenifuata. Alisimama upande wa pili wa jora, kana kwamba ni mto.

"Ulijua?" nikamwuliza. "Ulijua kwamba Wessel ananichora mimi?"

"Nilijua tangu ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na nilipokuja kilimani nikakwambia nimeziona picha, ukawa mwekundu, ukaniacha niamini!"

"Nilidhani unaongelea mawingu."

Nilitaka kumpiga, nikataka kucheka, vyote kwa wakati mmoja. Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililoniumiza. Rombout hakujua kudanganya. Angekuwa mlaghai ningemtupia jora la kitani lililolowa, biashara imekwisha.

"Niambie jambo moja," nikasema. "Unanipenda au hunipendi? Usiniambie habari za hali ya hewa."

Akaanza kuongea, na ilibidi nivuke lile jora ili nimsikie.

"Huwa namaliza picha, nampa Wessel ikiwa tupu. Baadaye ananirudishia, na wewe umo. Mwanzoni niliona ni mwanamke tu. Halafu nikaanza kungoja. Nikawa nachora haraka ili nione safari hii amekuweka wapi. Kuna picha moja ya daraja, nimeitundika juu ya kitanda changu, sikuiuza. Nakutazama mle ndani kila asubuhi, Aleid. Najua unavyosimama, najua unavyochoka. Ndiyo, nakupenda. Nilikupenda mle ndani."

"Na nikiwa hapa? Mbele yako, hivi nilivyo?"

Wingu lilipita juu yetu, kivuli chake kikakimbia juu ya vitambaa vyeupe, na macho ya Rombout yakakifuata. Hakukusudia. Yalikwenda yenyewe.

"Nitazame mimi!" nikapiga kelele.

Akanitazama. Alijitahidi, maskini. Alinitazama kama mtu aliyeshuka mashuani bandarini akitafuta sura ya ndugu aliyeambiwa atakuja kumpokea, na nyuso zote ni ngeni. Nikaona anamtafuta yule wa sketi nyekundu usoni mwangu, na hamwoni. Nami nikajitazama moyoni mwangu, nikagundua kwamba nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Nilikuwa nikitafuta nyuma ya uso wake mtu aliyejua habari za mgongo wangu.

Hasira ikaniisha ghafla, nikabaki na huruma tu, kwake na kwangu.

"Tumependana kupitia mkono wa mtu mwingine, Rombout."

"Naona hivyo," akasema.

"Sitaweza."

"Najua. Nilijua mama yako alipouliza lile swali." Alivua kofia, upepo ukamtimua nywele. "Ningeweza kumwambia Wessel aweke mzee na mbwa. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Kila mara nilisema, wacha, moja zaidi."

"Ukaja naye leo kunichumbia. Yeye aliyekuwa anabeba picha! Hukumwonea huruma?"

"Nilimwonea. Ila sijui kuingia nyumba ya watu bila yeye. Mimi sijui kuongea na watu, Aleid. Yeye ndiye…"

"Yeye ndiye anayekuwekea watu."

"Ndiyo."

Nikacheka huku nalia, naye akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeumwa jino. Kisha akauliza, "Wewe unampenda?"

"Sijui! Saa hii nikiulizwa jina langu sijui!"

Lakini hata nilipokuwa nasema hivyo nilikumbuka kitu ambacho sikuwa nimewahi kukitazama usoni. Siku ambazo Rombout alikuja kilimani peke yake, nilikuwa nikiangalia nyuma yake, kule njia inapopinda, kuona kama yule mwingine anakuja. Nikiona haji nilijisikia vibaya, nikajiambia ni afadhali, leo tutakuwa na utulivu. Utulivu ule ulinichosha kuliko kufua.

Rombout alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza nadhani aliniona.

"Mpe Wessel ujumbe wangu," akasema. "Nina picha ya mto, imekauka. Inahitaji watu. Mwambie asiache kuja kwa ajili ya aibu."

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekaa juu ya pipa nje ya mlango. Nilimweleza kwa kigugumizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Nielewe vizuri," akasema. "Nimekataa mchoraji. Nikajilazimisha, nikakubali mchoraji, roho inaniuma. Sasa mwenzetu umebadili mawazo, humtaki tena mchoraji. Unataka mchoraji!"

"Baba, sijasema namtaka. Nimesema sijui."

"Hujui? Mtu ameondoka na wewe hujui?"

"Govert," mama akasema kutoka mlangoni, "funga farasi."

"Leo Jumapili, mama Aleid! Majirani watasemaje?"

"Watasema tunamrudisha mgeni aliyesahau kula. Funga farasi."

Akafunga. Alinung'unika tangu zizini hadi barabarani, akimlalamikia farasi kama vile ndiye aliyechora. Nilishikilia ubao wa gari kwa mikono miwili, natazama mbele, naomba tumkute, naomba tusimkute.

Tulimkuta kwenye njia ya mchanga, karibu na miti ya kwanza ya kijiji cha Bloemendaal. Hakuwa anakula chochote. Baba alisimamisha gari, akaanza kutazama masikio ya farasi kwa makini makubwa. Nikashuka.

"Rudi nyumbani, dada Aleid," Wessel akasema. "Una mgeni."

"Usiniite dada."

"Nikuite nani?"

"Una mdomo mrefu siku zote, leo umeishiwa?"

"Sikiliza." Alijaribu kutabasamu ikashindikana. "Yule ni rafiki yangu. Nilipokuja Haarlem sina pa kulala, alinigawia nusu ya chumba chake na hakuwahi kunikumbusha. Mimi kazi yangu ilikuwa kumjazia nafasi zake. Nikajaza kwa wewe, nikijua atakuposa siku moja, nikasema, si kitu, nichukue angalau hiki. Sasa nimemharibia. Unataka nimwibie na mke?"

"Hujaniuliza kama naibika."

"Aleid…"

"Ameniachilia. Mimi pia nimemwachilia. Amesema ana picha ya mto inahitaji watu, na usiache kuja kwa ajili ya aibu."

Alisimama akaliwaza hilo. "Alisema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, kwa sauti yake ile ya chini."

"Basi kwanza niende kwake," akasema, na kabla sijamjibu akageuka, akaanza kurudi njia tuliyotoka, karibu anakimbia, mchanga ukiruka visiginoni.

Nilibaki nimesimama katikati ya barabara. "Baba, anakwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Panda."

Tulimfuata polepole. Kutoka kwenye kona ya vilima tuliwaona wote wawili shambani kwetu, mrefu na mfupi, wamesimama kati ya vile vitambaa vyeupe. Hatukusikia neno. Wessel alisema kitu, akainamisha kichwa. Rombout akaweka mkono begani kwa mwenzake na kuuacha pale. Walisimama hivyo hadi kivuli cha wingu kikapita na kingine kikaja. Mwishowe Rombout akavaa kofia yake, akapanda kilima peke yake, na sikumwona akigeuka. Nililia tena. Sikujua namlilia yeye au miaka yangu miwili.

"Sasa huyu," nikasema, maana Wessel alikuwa ametoka shambani anatembea kuelekea kwetu, kofia mkononi, "anakuja kusema ndiyo au anakuja kuaga?"

"Mimi leo nimeacha kuelewa mambo," baba akajibu. "Jifute pua."

Wessel akafika. Hakunitazama mimi, alisimama mbele ya baba.

"Mzee Govert, nimekuja kumwomba binti yako."

Baba akashusha pumzi ndefu. "Kijana, leo hii hii nimeshamtoa mara moja. Unajua kazi iliyonichukua? Mwulize yeye."

Akanigeukia. Hapakuwa na utani usoni mwake hata chembe. Midomo yake ilifunguka ikafungika, ikafunguka tena, na hakikutoka kitu. Mtu aliyenisimulia visa mpaka nikashika mbavu alikuwa amekosa neno moja, na masikio yake yote mawili yalikuwa yanawaka.

"Ndiyo," nikasema.

Hakusikia. Alikuwa bado anahangaika kuutafuta mwanzo wa swali lake, macho yamenikazia mimi, mimi tu, sketi yangu ya bluu na pua yangu nyekundu. Akavuta pumzi, akaniuliza.

Ikabidi niseme tena.